Tenki Lililokuwa Likiisha Alhamisi

Wiki ya tatu hii naamka na mikono safi. Kucha zangu, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na ukingo mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga, zimeanza kuwa nyeupe kama za karani, na mke wangu ananitania kwamba sasa anaweza kunipa unga wa chapati nikande. Asubuhi nakaa barazani na kikombe cha chai, natazama ukungu ukiinuka ziwani, na nusu saa inapita sijui nilikuwa wapi. Lori likifunga breki barabarani, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe. Mimi nimestaafu, lakini mguu bado haujapata barua.

Juzi mmoja wenu, ninyi mafundi vijana mliobaki gereji, alinipigia simu kuniuliza: gari linalokula petroli bila sababu, mtu huanzia wapi kulitazama? Nilifungua mdomo nimjibu, nikajikuta nimenyamaza. Nilikuwa nimeshaondoka, nimerudi kwenye ile gereji yetu ya mabati karibu na reli hapa Kisumu, na puani mwangu kulikuwa na harufu ambayo sijaisikia kwenye gari lolote tangu siku ile. Akadhani simu imekatika. Basi jibu lake nalileta hapa kwa maandishi, na kwa kuwa wakati ninao, nitalianzia mbali. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaacha. Vyeo vilikuwa viwili tu, fundi na mkubwa wa mafundi, na mshahara kila aliyefanya kazi pale anaukumbuka vya kutosha.

Nilifika pale mwanzoni mwa miaka ya themanini, mtu mzima mwenye mke, nikitokea kwetu Port Victoria ambako nilikuwa nikitengeneza baiskeli. Mkubwa wa mafundi alikuwa Mzee Ogola, Mjaluo mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye siku ya kwanza alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Aliniambia ninawe. Nikanawa. Akanusa viganja vyangu, akanirudisha ninawe tena.

"Leo tunafungua breki," alisema. "Mtu ya breki ananawa kama mtu anaenda kula."

Kiluhya changu na Kijaluo chake vilikuwa havisalimiani, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilikuwa daraja letu, na daraja lenyewe lilikuwa na mbao chache. Alinionyesha raba za breki, vile vikombe vidogo vyeusi visivyozidi kifungo cha koti, vinavyosukuma oili mpaka kwenye magurudumu. Aliviweka kwenye kiganja changu kimoja kimoja.

"Hii raba haijui mafuta ingine. Inajua oili yake ya breki, basi. Ukipaka grisi, ukipaka oili ya injini, ukipaka hata ile mafuta bibi yako anapaka nywele, inafura kama mandazi. Umesikia, Wandera?"

Nilisikia, tena nilicheka. Lakini kabla ya saa sita alinikuta nimesimama mlangoni, spana mkononi, nikitazama wingu likivuka ziwa na kivuli chake kikivuka nalo chini yake. Sijui nilikuwa nimesimama hapo kwa muda gani. Hakunikemea. Alisema tu kwamba mimi ni mtu wa kuota na macho wazi, na kwamba kazi yetu inaweza kumvumilia mtu wa namna hiyo ilimradi asiote akiwa ameshika breki.

Gari linalokula petroli, Mzee Ogola hakulianzia kwenye injini. Alilianzia chini. Alisema injini ni punda, na kabla hujamlaumu punda kwa kula sana, tazama kwanza kama mkokoteni unazunguka. Angalia hewa ya matairi. Angalia kebo ya breki ya mkono. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono, usikilize. Yeye alifumba macho akisikiliza, kichwa kimeinama upande, na wateja wengine walidhani anasali. Alikuwa pia na desturi ya kuweka nyuma ya mkono wake karibu na gurudumu la gari lililoingia sasa hivi kutoka barabarani, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Mkono wa ndani wa fundi umeshakuwa ngozi ya kiatu, alisema. Nyuma ya mkono ndiyo bado ina akili.

Aliwahi kuja mwalimu mkuu mmoja akilalamika kwamba gari lake linamaliza petroli na mke wake kila mara anasikia harufu ya kitu kinachoungua. Alikuwa amekwisha kubadilisha kabureta mbili huko kwingine. Mzee Ogola aliingiza mkono dirishani, akashusha breki ya mkono iliyokuwa imepandishwa meno mawili, akasema, "Nenda, Mwalimu." Mtu yule alikuwa anakaa mlimani na aliogopa gari lisije likamtoroka hata akiwa anaendesha. Baada ya wiki alirudi kutushukuru na kutuuliza ni kifaa gani tulichomfungia. Mzee alimwambia ni kifaa ambacho hakina jina.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mafuta ya mbuta, kwa sababu ninyi wa siku hizi mnayaona kama kitu cha bibi zenu. Miaka ile mbuta, wale samaki wakubwa, walikuwa wamejaa ziwani. Kwetu Port Victoria akina mama walikata yale mafuta meupe ya tumboni, wakayayeyusha kwenye sufuria pale pale ufukoni, wakayatia kwenye chupa za soda na kuziziba kwa kigunzi cha mahindi. Yalikaangia samaki yule yule, yalipakwa watoto miguuni, yaliingia kwenye bawaba za milango na kwenye minyororo ya baiskeli. Mtu wa kwetu akikupenda hakuandikii barua, anakutumia chupa. Mama yangu alinitumia mimi kwa mkono wa yeyote aliyekuwa akija Kisumu, na chupa ilikaa kwenye rafu ya gereji juu ya sanduku langu la spana, kwa kuwa chakula cha mchana tulikipika pale pale. Kila nilipoenda nyumbani aliniuliza swali moja.

"Ile mafuta inasaidia kazi?"

"Inasaidia sana, Mama."

Alifurahi. Aliamini kwamba magari ya Kisumu yanatembea kwa sehemu fulani kwa nguvu za sufuria yake, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha.

Katika magari tuliyokuwa tukiyatunza kulikuwa na stesheni wagoni moja ya rangi ya maziwa, mali ya zahanati ndogo ya kanisa iliyo mbele ya Kombewa, chini kabisa kando ya ziwa. Dereva wake alikuwa Bwana Odhiambo, mtu wa miaka kama hamsini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa hata wakati wa mvua. Kazi yake hasa ilikuwa kuwaleta hospitali ya mjini akina mama ambao uchungu wao umekuwa mgumu. Pwani ile walikuwako watoto wawili walioitwa Odhiambo kwa heshima yake, kwa sababu walizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma kabla hawajafika. Ni jina ambalo Wajaluo humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa jioni, na mmoja wao alizaliwa saa tatu asubuhi, lakini hakuna aliyejali.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, karibu na Pasaka. Gari la zahanati lililetwa likivuja oili kwenye masta silinda, yaani ile pampu ndogo iliyo mbele ya pedali, inayosukuma oili kwenda kwenye magurudumu yote manne. Mzee Ogola alikuwa ameenda kwao kupanda mahindi. Nilikuwa nimekwisha kuaminiwa, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nilifungua, nikasafisha, nikatoa raba mpya kwenye karatasi yake. Raba hizo haziingii kavu, lazima uzilowanishe kwanza kwa oili ya breki, na mkebe wetu ulikuwa umebaki na oili ya kujazia tu. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Homa Bay, naiona ikitembea juu ya maji kama pazia, na harufu yake ilikuwa imetangulia. Nikamkumbuka Mama. Nikamwona amechutama kando ya sufuria, moshi unamwingia machoni, anageuza uso huku mkono unaendelea kukoroga. Na mkono wangu ukaenda kwenye rafu.

Nikisema nilisahau nitakuwa nadanganya. Mkono ulikwenda, na mimi niliuona ukienda. Nilijiambia kwamba Mzee alitaja grisi, akataja oili ya injini, akataja hata mafuta ya nywele, lakini mbuta hakumtaja. Mafuta yale yalikuwa yamelinda minyororo ya baiskeli zangu ujana wangu wote na yalikuwa yamelinda miguu yangu mwenyewe kabla ya hapo. Nilizipaka raba zote na kuta za silinda. Zikaingia laini bila kubishana. Pedali ikasimama juu, imara. Odhiambo alipolichukua gari alinipungia mkono kupitia dirishani, na mimi nikarudi mlangoni kutazama mvua.

Mwezi haukwisha akarudi.

"Fundi, hii gari imeanza kula," alisema. "Tenki ilikuwa inanifikisha Jumamosi. Saa hii Alhamisi iko tupu. Inakula, halafu inachoka."

Nililisikia hilo neno *inachoka* na nikakimbilia injini. Mkokoteni nikausahau. Nilisafisha plagi, nikarekebisha kabureta, nikabadilisha chujio la hewa, nikalala chini ya tenki kunusa kama linavuja. Gari lililala kwetu. Asubuhi nikakumbuka kanuni na kuinua magurudumu kwa jeki, yote manne yakazunguka bila kushika. Nikamrudishia. Baada ya wiki tatu likaletwa tena na ugonjwa ule ule, na mimi nikarudia yale yale: injini jioni, magurudumu asubuhi. Safari hii aliyekuja kulichukua alikuwa Sista Yunia, muuguzi mkuu wa zahanati, mama mfupi asiyepoteza maneno.

"Kamiti ya zahanati inataka karatasi," aliniambia. "Gari ina ugonjwa ama haina?"

Nina mwandiko mzuri. Niliandika kwamba gari hili nimelipima mara mbili na halina kosa lolote, nikatia sahihi, nikachora mstari chini ya sahihi. Sikumuuliza karatasi ni ya nini. Nilikuwa najua nusu, na hiyo nusu nyingine sikuitaka. Kwa maana mimi mwenyewe, na hili linaniuma mpaka leo kuliandika, nilikuwa nimeanza kujiuliza Odhiambo anaipeleka wapi petroli.

Siku ya Ijumaa alikuja gereji kwa miguu kutoka stendi, bila gari. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Odhiambo bila gari, akaonekana mfupi. Tulikuwa mimi na Mzee Ogola tu, tunakunywa chai. Alikataa kiti.

"Wamechukua funguo," alisema. "Wanasema nauza petroli kwa watu ya boti za injini. Ati kwa sababu ndugu yangu ako na boti. Na ati nimeonekana nimesimama Otonglo kila safari, pale wanauza petroli na mitungi. Jumapili baada ya ibada kamiti inakaa kunifuta."

"Na Otonglo unasimama?" Mzee Ogola aliuliza.

"Nasimama. Gari ikifika hapo imechoka, napumzisha kidogo, inaamka. Ningefanya nini?" Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na ningependelea angekuwa nayo. "Wandera, ni karatasi yako wanasoma. Nimebeba wanawake wa pale miaka kumi na moja. Wiki hii nikipita kwa njia, wanaita watoto ndani."

Alisimama akitazama kofia yake mikononi, na kwa mbali gari moshi la mizigo lilikuwa linapanga mabehewa, kishindo kimoja baada ya kingine, na mimi nilikuwa natamani kila kishindo kichukue muda mrefu kidogo zaidi ili nisilazimike kusema.

Mzee Ogola ndiye aliyesema. "Magurudumu ulipima ikiwa moto?"

"Ilikuwa asubuhi, Mzee. Ilikuwa baridi."

Aliweka kikombe chini. "Basi hukupima."

Jumamosi tulipanda basi watatu mpaka Kombewa, tukatembea kushuka ziwani. Mzee Ogola alimwomba Sista Yunia mambo mawili: funguo apewe Odhiambo, kwa kuwa yeye ndiye anayejua gari linachokea wapi, na Sista mwenyewe akae ndani. Sista alifikiri, akatazama viatu vya Odhiambo vilivyopakwa rangi kama kawaida, akavua aproni yake na kuingia nyuma.

Safari ile bado naiota. Nimekaa mbele, Odhiambo anaendesha. Ziwa linajitokeza upande wa kulia, linajificha nyuma ya miwa na miti, linajitokeza tena mahali ambapo hukulitazamia, jeupe, halina mwisho. Ng'ombe wanavuka, Odhiambo anakanyaga breki, tunaendelea. Baiskeli yenye magunia, breki, tunaendelea. Wanafunzi wa Jumamosi, breki. Kila mara gari likiondoka lilihema kidogo zaidi ya mara iliyopita, na mimi niliyelipima mara mbili ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia. Tuliingia barabara ya Busia. Kabla ya Otonglo kuna mahali ambapo njia inashuka polepole, si mlima, ni mteremko wa kumfurahisha mtu wa baiskeli.

"Toa gia," Mzee Ogola alisema. "Wacha iende yenyewe."

Odhiambo akatoa gia. Gari zima, lenye watu wanne ndani, kwenye mteremko, lilipaswa kuteleza mpaka sokoni. Likapunguza mwendo. Likapunguza tena, taratibu, kama mtu anayesinzia. Halafu likasimama, katikati ya mteremko, pua imeelekea chini, na kukawa kimya mpaka nikasikia majani ya miwa.

"Umekanyaga breki," Sista alisema kutoka nyuma.

Odhiambo aliinua miguu yake yote miwili juu ya pedali, akaisogeza upande ili Sista aione vizuri, akaishikilia hivyo hewani, viatu viwili vinavyong'aa, na gari halikusogea. Alikaa hivyo muda mrefu. Niliona misuli ya paja lake ikitetemeka na bado hakuishusha mpaka Sista Yunia aliposema polepole kwamba ameona.

Tuliweka jiwe mbele ya gurudumu. Mzee alizunguka gari na nyuma ya mkono wake, kisha akanipisha nizunguke na wa kwangu. Magurudumu yote manne yalikuwa yanatoa joto kama jiko. Gurudumu moja likiwa moto, ubaya uko kwenye gurudumu hilo. Yakiwa moto yote, ubaya uko kule yanakotoka maagizo. Mzee alinipa spana ndogo, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye gurudumu moja. Oili iliruka, ikatua kwenye majani, na gari likashusha pumzi na kuegemea lile jiwe. Breki zilikuwa zimebanwa na oili iliyoshindwa kurudi. Tangu Pasaka Odhiambo alikuwa akiendesha huku magurudumu yamekabwa, na punda alikuwa akila kwa sababu mkokoteni haukuzunguka.

Masta silinda niliifungua mimi gerejini mchana ule ule, Mzee Ogola kasimama begani kwangu. Raba zilikuwa zimefura. Ile ya mbele ilikuwa imefunika kabisa kijitundu cha kurudishia oili, ambacho hakizidi tundu la sindano. Ikiwa baridi ilinywea kidogo ikakiachia, ikipata moto ilikiziba. Na kabla sijaitoa nje, harufu ilikwisha kunifikia. Ilikuwa harufu ya ufuko wa kwetu, ya sufuria, ya moshi, ya mikono ya Mama akinipaka miguuni kabla ya shule. Kwa nukta moja nilifurahi. Halafu nikajua ninachonusa.

Mzee Ogola pia alinusa. Alitazama raba, akatazama rafu, akaitazama chupa yenye kigunzi. Nilimngojea aseme. Alikwenda kwenye ndoo akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akaifuta kidole kwa kidole.

"Kesho ni Jumapili," alisema. "Mimi nina kanisa yangu. Wewe enda ya kwao."

Sikulala sana, na sitawaficha nilichokuwa nafikiria. Ningeweza kusema raba zilitoka dukani zikiwa mbovu. Ningeweza kusema breki ziliharibika wiki iliyopita tu. Watu hawajui raba. Lakini Pasaka ndipo petroli ilipoanza kupotea, na hakuna mtu duniani aliyejua kilichotokea Pasaka isipokuwa mimi. Nikipunguza hata kidogo, hicho kidogo kingebaki kwenye jina la Odhiambo.

Kamiti ilikuwa na watu sita, imekaa kwenye madawati ya kanisa, na Odhiambo amekaa peke yake upande wa pili. Sista Yunia alieleza aliyoyaona. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani, alimsikiliza kwa adabu, kisha akaisoma barua yangu kwa sauti, mpaka kwenye sahihi.

"Fundi ni huyu huyu," alisema. "Kwa karatasi anasema gari haina kosa. Leo anasema iko na kosa. Ataka tuamini gani? Na dereva ni rafiki yake."

Nilisimama. Nilifungua leso na kuweka mezani raba mbili, mpya na ile iliyofura. Nilisema kwamba barua hiyo niliiandika bila kupima kama fundi anavyopaswa kupima, kwa hiyo waichane. Nilisema kwamba gari lilikuwa na kosa tangu Pasaka, na kosa nililitia mimi kwa mkono wangu, nikijua nimekatazwa. Nikasema kwa mafuta gani. Nilisema pia kwamba nilipokosa kuliona kosa langu nilianza kumfikiria Odhiambo kuwa mwizi, na kwamba hilo hakuna aliyeniuliza lakini nimeona nilitaje.

Mama mmoja mnene aliyekuwa mwishoni mwa dawati, ambaye baadaye niliambiwa anayeyusha mafuta ya mbuta pale ufukoni, alinyoosha mkono akaomba ile raba. Aliinusa. Akaisugua kwa vidole viwili, akainusa tena, bila haraka, kama mtu anayenunua.

"Ni mbuta," alisema. "Na sio ya juzi. Hii imekaa miezi."

Pua yake ndiyo iliyomaliza kikao. Mwenyekiti alivua miwani, akaomba funguo kwa Sista, akainuka mwenyewe akampelekea Odhiambo mahali alipokaa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Halafu akanigeukia na kuniambia, kwa upole, kwamba nikishafunga raba nyingine, gari la zahanati halitarudi tena mikononi mwangu. Nilisema nimesikia. Odhiambo alipita karibu yangu akitoka, na hakunitazama. Nje akina mama walikuwa wamesimama mlangoni wanamngoja.

Nilifunga raba nyingine Jumatatu, mikono imenawa mara tatu, Mzee Ogola kasimama pale pale. Nilidhani hiyo ndiyo mara ya mwisho. Gari likaanza kupelekwa kwingine. Niliendelea na kazi, na Mzee hakuwahi kulitaja jambo lile, ila chupa yangu niliikuta imehamishwa kutoka rafuni ikawekwa kando ya jiko. Nilipokwenda nyumbani Mama aliniuliza kama mafuta yanasaidia kazi. Nikamwambia yanasaidia sana. Alifariki miaka mitatu baadaye akiamini hivyo, na kama kuna kosa katika hilo, nalibeba kwa furaha.

Basi kijana wangu, uliyeniuliza kwa simu, jibu ni hili. Anzia kwenye magurudumu, na yaguse yakiwa yametoka safari, si yakiwa yamelala. Dereva akikwambia gari linachoka, muulize linachokea wapi, na uende naye. Na usitie sahihi kwenye kitu ulichokijua nusu.

Mvua za vuli za mwaka ule wa kikao zilikuwa zimeanza. Nilikuwa mlangoni, kama kawaida yangu, natazama gugumaji likielea ziwani kwa mafungu na ndege weupe wamesimama juu yake, nilipoona stesheni wagoni ya rangi ya maziwa ikiingia uani. Nilidhani naota. Odhiambo alizima injini, akashuka, akafunga mlango polepole.

"Gusa," alisema.

Nilizunguka gari na nyuma ya mkono. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yalikuwa na baridi ya mvua.

"Tenki inafika wapi?" nilimuuliza.

"Jumamosi jioni. Nimewaambia kamiti huko kwingine hawajui kuifunga plagi. Wamekubali. Imekuja sabisi kwako."

Nikashika boneti nifungue. Aliniwekea mkono kifuani kunisimamisha, akarudi kwenye gari, akatoa chini ya kiti chupa ya soda iliyozibwa kwa kigunzi cha mahindi, mafuta yake ya njano yamejaa mpaka shingoni. Akanikabidhi kwa mikono miwili, uso hauna hata chembe ya tabasamu.

"Mama watoto ametuma," alisema. "Amesema nikuambie kabisa, hii ni ya kupika."